Yamaha F310 kwa mwanafunzi wa feloshipu Mtwara: gitaa la bweni na la mkesha

Saa nane usiku, mkesha umechangamka, madirisha ya ukumbi yako wazi na upepo wa bahari unaingia. Mpiga gitaa amekwishacharaza mapambio kumi na tano bila kupumzika na vidole vina jasho. Uzi wa tatu ukishuka nusu sauti hapo, baadhi ya waimbaji watafuata gitaa, wengine watafuata sikio lao, na pambio litakwenda na vichwa viwili mpaka mtu alikatishe kwa maombi. Mwanafunzi anayenunua gitaa la ibada Mtwara au Lindi anunue akiwa na saa hiyo akilini, maana dukani, asubuhi, likiwa jipya na limetoka kutyuniwa, kila gitaa linalia vizuri.

F310 ni miongoni mwa magitaa ya kuanzia yanayojulikana zaidi duniani. Ni gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, la nyuzi sita za chuma. Uso wake ni wa mbao ya spruce, mgongo na mbavu ni meranti, shingo ni nato. Lina freti 20, vile vyuma vinavyokatiza shingo, na shingo inakutana na mwili kwenye freti ya 14. Kampuni yenyewe ilianza mwaka 1887 nchini Japani kwa kutengeneza vinanda, vile vya kukanyaga kwa miguu vilivyotumika makanisani na mashuleni kabla umeme haujafika, kwa hiyo muziki wa ibada si mgeni kwake.

Uamuzi wetu tuutoe mapema: linafaa, na kwa feloshipu ya watu ishirini hadi arobaini ndani ya darasa linatosha bila hata spika. Lakini linafaa kwa masharti matatu. Kitegemeo chake cha chini, kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi kwenye daraja lililogundishwa usoni, kipunguzwe, livishwe nyuzi nyembamba, na likae mahali pakavu. Asiyeweza kutimiza hayo matatu anunue C40 ya Yamaha hiyohiyo, ya nyuzi za nailoni, tutaifikia huko chini.

Kinacholifanya F310 livumilie pwani ni kitu ambacho wauzaji hukitaja kama upungufu. Uso wake si ubao mmoja, ni tabaka nyembamba zilizogundishwa pamoja. Ubao mmoja mzima unalia vizuri zaidi, hilo ni kweli, ila unakunywa unyevu wa hewa na kuvimba, kisha ukikaushwa ghafla unapasuka kufuata nyuzi za mti. Tabaka zilizogundishwa zinapishana mwelekeo, moja inaishika nyingine, na kuvimba kunakuwa kidogo. Mbao za gitaa hupenda unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Pwani ya Mtwara na Lindi hewa iko juu ya hapo sehemu kubwa ya mwaka, na kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zikishika hali huwa mbaya zaidi. Gitaa la ubao mzima bila begi zuri na bila uangalizi, katika bweni lenye vitanda vya kupandana na nguo mbichi zimening'inia dirishani, halina maisha marefu. Kwa hiyo hizo tabaka ni sababu ya kununua.

Sasa ukiwa dukani. Bandia zipo, na jina kichwani halithibitishi kitu. Nenda na rula ya chuma na utepe wa fundi cherehani. Pima kutoka kitegemeo cha juu, kile kipande cheupe kilichopo kichwani ambapo nyuzi zinapita kwenye mifereji midogo, mpaka kitegemeo cha chini kilichokaa kwenye daraja: inapaswa kuwa milimita 634, ikizidi kidogo upande wa nyuzi nene. Upana wa kitegemeo cha juu ni milimita 43. Hesabu freti, ziwe 20. Chungulia ndani ya tundu usome lebo: aina ya gitaa iwe imeandikwa wazi, herufi zisiwe zimechezacheza. Kipimo kikikataa, liache hata kama bei ni nzuri.

Ukisharidhika na vipimo, pitisha kidole kwenye ncha za freti pande zote mbili za shingo. Zikikukwaruza, zitakukata ukianza kuhama kodi (zile sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) haraka. Bonyeza kila uzi kwenye kila freti na upige sauti moja moja, nyuzi sita mara freti kumi na mbili za mwanzo. Ni sauti 72 na inachukua dakika nne. Mahali panapozizima au kutetemeka kama nzi ndani ya chupa, freti hiyo iko chini kuliko inayofuata, na kulisawazisha ni kazi ya fundi. Mwisho tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani, kama fundi seremala anavyotazama ubao. Iliyopinda kwa kusokotwa, upande mmoja juu na mwingine chini, haitengenezeki. Iliyopinda kama upinde inatengenezeka, maana ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayokazwa kwa alenki.

Wengi wa kusini huagiza kutoka Kariakoo na mzigo unakuja kwa basi, zaidi ya kilomita 550 hadi Mtwara. Hapo ndipo magitaa mengi yanaumia kabla hayajapigwa hata mara moja. Buti la basi mchana ni tanuri, na gundi ya daraja ikipata joto inalainika wakati nyuzi zinaivuta kwa nguvu. Mwambie anayekutumia afanye hivi: alegeze kila uzi kwa sauti moja nzima hadi mbili lakini asiziondoe kabisa, aweke karatasi zilizofinyangwa chini ya kichwa na pande zote za kiuno cha gitaa ndani ya boksi, kisha akunje khanga au shuka kuzunguka shingo. Kichwa ndicho kinachovunjika kwanza kwa sababu hakigusi chochote, na boksi likianguka chali kinapokea pigo peke yake. Kama kuna mtu anakuja, apande nalo juu, alisimamishe kati ya magoti. Likifika, liache ndani ya boksi saa kadhaa lizoee hewa, halafu ndipo ukaze nyuzi.

Tuje kwenye kasoro yenyewe. F310 jipya mara nyingi lina nyuzi zilizo juu ya shingo kupita kiasi. Anayeanza anabonyeza, vidole vinauma, kodi ya F haitoki kabisa, na baada ya wiki tatu gitaa linahamia juu ya kabati. Anaambiwa hana kipaji. Shida ni milimita moja na nusu tu.

Kipimo chake ni rahisi na hakihitaji kifaa. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Bana kadi tatu pamoja, unapata karibu milimita 2.3. Ziingize kati ya freti ya 12 na uzi mnene wa sita. Kadi tatu zikigusa uzi kwa upole bila kuuinua, uko pazuri. Kadi tano zikipita, gitaa hilo litakutesa. Upande wa uzi mwembamba wa kwanza lenga milimita 2, yaani kadi mbili na nafasi ndogo ya kupumua.

Kabla hujagusa kitegemeo cha chini, angalia shingo kwanza, maana wengi wanakata wasipopaswa. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, halafu tazama freti ya 7. Uwazi kati ya uzi na freti uwe wa unene wa karatasi mbili au tatu za kuchapia. Ukiwa mkubwa zaidi, shingo imevutwa na nyuzi na inahitaji kukazwa: ingiza alenki, zungusha robo ya mzunguko kuelekea kulia, tyuni tena, acha mpaka kesho, pima upya. Robo moja kwa siku, usizidishe. Anayezungusha mara mbili nzima kwa sababu haoni mabadiliko papo hapo ndiye anayekata fimbo ndani ya shingo.

Shingo ikiwa sawa na nyuzi bado ziko juu, chomoa kitegemeo cha chini. Kimekaa tu kwenye mfereji wake, hakijagundishwa. Hesabu ni hii: kila milimita 2 unazopunguza chini yake zinashusha nyuzi milimita 1 pale freti ya 12. Piga mstari kwa penseli upande wa chini, bandika msasa laini juu ya kioo au kigae cha sakafu, kisha sugua kwa mkono ulionyooka, ukigeuza kipande kila baada ya misuguo kumi ili kisilale upande. Usiguse upande wa juu wenye mviringo. Kitako kikitoka na mgongo katikati, hakitagusa daraja vizuri na sauti itafifia, hasa nyuzi za pembeni. Punguza nusu milimita, rudisha, pima, rudia. Ukizidisha, nyuzi zitapiga freti na hapo huna budi kupata kingine.

Na kupata kingine kusini hakuna shida hata kidogo, hili ni jambo ambalo mikoa mingine wangetuonea wivu. Kitegemeo cha plastiki kilichokuja na gitaa kinapitwa kwa mbali na cha mfupa wa mguu wa ng'ombe. Chukua mfupa mnene buchani, chemsha, kwangua uboho na mafuta yote, loweka kwenye maji ya sabuni siku mbili, anika kivulini mpaka uwe mweupe na usiwe na harufu. Kisha mpelekee mchonga vinyago. Wachongaji wa Kimakonde wana misumeno myembamba, tupa na mikono iliyozoea kazi ya mpingo, na kipande cha unene wa milimita 3 hakiwashindi. Mpe kile cha zamani kama sampuli, na upime upana wa mfereji kabla hajakata, maana lazima kiingie kwa kubana kidogo bila kupigwa nyundo. Mwombe pia akutengenezee pini sita za daraja kwa mabaki ya mpingo. Mpingo ndio mti unaotengenezewa klarineti na obo huko Ulaya, mzito kiasi kwamba unazama majini, na misitu yake iko Kilwa na Lindi humu humu. Pini za mpingo hazivimbi wala hazikatiki vichwa kama za plastiki.

Nyuzi ndizo zitakazokula pesa yako, kwa hiyo zielewe. Seti hutajwa kwa unene wa uzi wa kwanza kwa inchi. Seti ya 0.012 inavuta daraja kwa nguvu ya karibu kilo 70. Seti ya 0.010 ni karibu kilo 60. Kwa mwanafunzi wa pwani tunapendekeza 0.010 au 0.011: vidole vinapata nafuu, na daraja linapungukiwa mzigo katika hewa ambayo tayari inajaribu kulibandua. Sauti inapungua kidogo nyuzi zikiwa nyembamba. Kwa feloshipu ya darasani upungufu huo hausikiki.

Uzi wa chuma unaoishi Shangani ya Mtwara, karibu na maji, hauna umri sawa na uzi unaoishi Newala juu ya uwanda. Chumvi ya hewa ikichanganyika na jasho la vidole inaanza kula uzi wa kwanza na wa pili, ambao ni chuma kitupu. Nyuzi nne nene zimezungushiwa shaba, nazo zinaanza kupoteza mng'aro wa sauti kabla hazijakatika. Pitisha ukucha chini ya uzi wa kwanza: ukihisi vijiwe, umeshika kutu, na usingoje ukatike katikati ya ibada. Dawa ni nidhamu tu. Nawa mikono kabla ya kupiga, na ukimaliza pitisha kitambaa kikavu cha pamba juu na chini ya kila uzi. Tone la mafuta ya cherehani kwenye kitambaa linasaidia mara moja kwa wiki, mradi lisiguse mbao. Mafuta ya nazi usiyakaribishe: yanachacha, yanashika vumbi, na baada ya mwezi freti zina ukoko mweusi. Nyuzi zenye utando wa plastiki zinauzwa ghali zaidi lakini pwani zinadumu muda mrefu zaidi, na ukipata wa kukuletea kutoka Dar es Salaam zinalipa.

Kubadilisha: badili uzi mmoja mmoja ili shingo isilegee ghafla. Chomeka kile kibonge cha mwisho wa uzi kwenye tundu la daraja, weka pini, mfereji wa pini ukitazama uzi, kisha vuta uzi juu taratibu huku umeikandamiza pini mpaka uhisi kibonge kimekamata ubao kwa ndani. Pini inayoruka na kumgonga mtu usoni ni kwa sababu kibonge kilisimama juu ya ncha ya pini badala ya kulala ubavuni mwake. Kichwani acha ziada ya kuzunguka mara mbili au tatu, mizunguko ikishuka kwenda chini. Ukizungusha mara nane kama kamba ya ndoo, uzi utaendelea kulegea usiku kucha, na hii ndiyo sababu ya kwanza ya magitaa kushuka sauti kwenye mikesha. Baada ya kutyuni, vuta kila uzi kwa kidole juu ya tundu, utaona umeshuka, tyuni tena, rudia mara nne. Nyuzi mpya zifungwe siku mbili kabla ya mkesha, zisifungwe jioni yake.

Na kila unapotyuni, fika kwenye sauti ukitokea chini. Ukiipita, shuka kabisa chini yake halafu panda. Ukiishusha tu na kuiacha, meno ya kikazio cha kichwani yanabaki na ulegevu na uzi utajiteremshia wenyewe. Simu ikiisha chaji: bonyeza uzi wa sita freti ya 5 upate sauti ya wa tano, wa tano freti ya 5 upate wa nne, wa nne freti ya 5 upate wa tatu, wa tatu freti ya 4 upate wa pili, wa pili freti ya 5 upate wa kwanza.

Upande wa ibada yenyewe, kifaa kinachofuata gitaa kwa umuhimu ni kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote sita kwenye freti moja. Mapambio hayana ki, yaani sauti ya msingi, ya kudumu. Mwanzishaji anafumba macho, anaanza pale roho na koo vilipokutana, na mpiga gitaa ana sekunde chache. Njia iliyo salama ni hii: usicharaze chochote mstari wa kwanza. Sikiliza mstari unapotua, ile sauti ya kupumzikia mwishoni, itafute kwenye uzi wa sita kwa kidole kimoja. Uzi ukiwa wazi ni E, freti ya 1 ni F, ya 3 ni G, ya 5 ni A, ya 7 ni B, ya 8 ni C. Ikitua freti ya 6, yaani B bemoli, usihangaike: funga kapo freti ya 3 na upige kwa kodi za G, C na D kama kawaida. Ikitua A, kapo freti ya 2 na kodi zilezile. Ikitua F, kapo freti ya 5 na upige kodi za C, F na G, ambapo ile F unaweza kuikwepa kwa kupiga uzi wa kwanza hadi wa nne tu. Kapo ibanwe nyuma kabisa ya freti, karibu nayo. Ikikaa katikati ya nafasi inavuta nyuzi na sauti zote zinapanda kidogo, waimbaji wanahisi kitu hakijakaa sawa bila kujua ni nini.

Mapambio mengi ya huku yanakwenda kwa mapigo sita, yale yanayofanya miguu icheze yenyewe. Mkono ushuke kwa nguvu kwenye pigo la 1 na la 4, mengine yaguswe kwa wepesi. Anayecharaza yote sita kwa nguvu moja anageuza pambio kuwa gwaride. Piki, kile kipande cha kucharazia, ya milimita 0.6 au 0.7 inatosha, na ile plastiki kubwa iliyobaki baada ya kuchomoa laini ya simu ukiikata pembetatu na kulainisha kingo kwa msasa inafanya kazi hiyohiyo.

Kwa wanakwaya wanaosoma sofa, yaani do-re-mi, F310 ni rafiki kuliko linavyoonekana. Mwalimu akisema do ni A bemoli, mpiga gitaa anafunga kapo freti ya 1 na kupiga kodi za G. Noti zilizoandikwa hazibadiliki. Ila tuseme wazi kwamba kwa nyimbo za sauti nne za Kikatoliki kinanda kinabaki kuwa bwana. Gitaa halibebi sauti zote nne, linasindikiza. Na mwanafunzi anayepiga kwenye misa akumbuke Kwaresima: wakati huo vyombo vinaruhusiwa kwa kusaidia uimbaji tu, kwa hiyo ule utangulizi mtamu uliofanyia mazoezi usubiri Pasaka, isipokuwa Dominika ya nne ya Kwaresima na sikukuu kubwa.

Bweni ni jambo jingine. Mtwara na Lindi mtu wa feloshipu anaishi chumba kimoja na Mwislamu, na ukuta wa pili kuna anayesoma kwa mtihani wa kesho. F310 lina sauti ya kupenya. Likicharazwa kwa piki, linasikika vyumba vitatu. Piga kwa nyama ya kidole gumba, kunja soksi na kuisukuma chini ya nyuzi karibu na daraja, na sauti itashuka kiasi cha kufaa maombi ya alfajiri. Adhana ikianza, nyamaza mpaka iishe. Hakuna sheria ya chuo inayohitajika kwa hilo. Ni ujirani, na jirani uliyemheshimu ndiye atakayekufungulia mlango mvua ikinyesha na gitaa liko varandani.

Je, gitaa la ibada lipigiwe pia bongofleva na zilipendwa Jumamosi jioni kule ufukweni? Feloshipu nyingi zimewahi kubishania hili. Maoni yetu: gitaa lililonunuliwa kwa sadaka ya feloshipu lifuate utaratibu wa feloshipu, na gitaa la mtu binafsi liachiwe dhamiri yake. Kiufundi, nyimbo za rumba zinamfundisha mpiga gitaa mambo ambayo kodi tatu za mapambio hazimfundishi, hasa kupita freti ya 7 kwa vidole vya solo, na ustadi huo unarudi Jumapili. Zaburi ya 33 inataka tupige kwa ustadi, nao unapatikana kwa saa nyingi za mazoezi, nyingine zikiwa za burudani tu. Utakapoligundua hilo utaona pia mpaka wa F310: juu ya freti ya 14 mkono unagonga mwili wa gitaa, na solo za juu kabisa hazifikiki.

Kwenye ukumbi mkubwa F310 halina tundu la waya. Ndugu yake, FX310, analo, na kwa feloshipu yenye mitambo yake ndiyo ya kununua. Mwenye F310 aweke maiki sentimita 20 hadi 30 kutoka shingo inapokutana na mwili, freti ya 14 hivi. Kuielekeza kwenye tundu ndilo kosa la kila mahali: pale hewa inatoka kwa kishindo, besi inafura, na spika zinaanza kupiga mluzi.

C40 sasa. Nyuzi zake tatu nyembamba ni nailoni tupu, hazishiki kutu milele, na zote sita zinavuta kwa karibu kilo 40 tu. Vidole vya mwanzo vinaipenda. Bwenini ni pole. Lakini shingo ina upana wa milimita 52, mkono mdogo unachoka, na kwenye mkesha wa watu sitini wanaopiga makofi haisikiki kabisa. Nyuzi mpya za nailoni zinachukua siku kadhaa kutulia. Na jambo moja la kukaririwa: usiivishe nyuzi za chuma. Daraja la C40 limegundishwa kwa mzigo wa nailoni, na chuma kitalichomoa pamoja na kipande cha uso.

Kuhusu fedha, bei zinabadilika, kwa hiyo panga kwa mafungu. Kila shilingi kumi ulizonazo, saba ziende kwenye gitaa, moja kwenye begi lenye sponji, moja kwenye kapo na seti mbili za nyuzi, moja kwa mchongaji na msasa. Anayemaliza zote kumi kwenye gitaa atalipiga kwa maumivu. Wazazi wa korosho wanapata malipo minada ikianza kuanzia Oktoba, na muhula nao unaanza karibu na wakati huo. Ukiomba, omba baada ya ada kulipwa, na uombe mafungu hayo yote kumi kwa pamoja.

Likizo ndefu ikifika, gitaa lisibaki limeegeshwa kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala juu ya kabati chini ya bati. Legeza nyuzi sauti moja, futa, weka ndani ya begi pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe za kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vitano au sita, viwili vikiingia ndani ya tundu vimefungwa kwa uzi ili viweze kuvutwa. Lilaze kitandani juu ya godoro, nyuzi zikitazama juu, au mwachie mwenzako anayebaki mjini. Ukirudi, kabla hujakaza, ingiza pembe ya karatasi nyuma ya daraja, upande wa mkiani. Karatasi ikiingia, gundi imeanza kuachia. Usikaze, mpelekee fundi lingali gitaa zima.